SOMO LA WIKI: Udongo uliolowa mafuta ni deni lisiloandikwa kwenye hati

Mnunuzi wa kiwanja Mikocheni kwa kawaida hukagua mambo matatu: hati, mipaka na barabara. Akiridhika hutafuta wakili, wakili huandika mkataba, fedha hulipwa. Jambo la nne, ambalo ni udongo wenyewe, halimo katika orodha ya madalali wala ya wanunuzi walio wengi. Ukurasa huu leo unaeleza kwa nini jambo hilo la nne linaweza kula faida yote ya mengine matatu, na mfanyabiashara mdogo afanye nini kabla hajatoa fedha yake.

Mikocheni ni eneo lenye nyumba za kuishi, ofisi na viwanda vidogo kwa pamoja. Viwanja ambavyo havijawahi kuguswa ni vichache. Kinachoingia sokoni mara nyingi ni eneo lililokwisha kutumika: gereji iliyohama, yadi ya malori, stoo ya dawa za kilimo, kituo cha mafuta kilichofungwa. Eneo la namna hiyo huuzwa kwa bei nafuu kidogo, na mnunuzi hudhani amepata bahati.

Wafanyabiashara watatu, mmoja wao akiwa jamaa wa mwandishi huyu, walidhani hivyo hivyo. Walitoa malipo ya awali kwa yadi iliyokuwa gereji, wakikusudia kujenga fremu za maduka chini na vyumba vya kupangisha juu. Fundi alipoanza kuchimba shimo la tangi la maji, chini ya nusu mita udongo ulitoka mweusi, unanuka dizeli. Fundi akaweka sururu chini. "Wazee wangu," akawaambia, "hapa mkichimba kisima maji yake msinywe." Walipomrudia muuzaji, aliwajibu kwamba yeye ameuza ardhi, na ardhi wameiona kwa macho yao. Kisheria, mkataba wao haukusema neno lolote kuhusu udongo.

Uchafu wa aina gani?

Tunaozungumzia hapa ni uchafu wa kemikali zenye asili ya kaboni. Kwa mfanyabiashara inatosha kuugawa katika makundi matatu, kwa sababu kila kundi lina gharama yake.

Kundi la kwanza ni petroli. Hii ni nyepesi, hupanda hewani kama mvuke na hushuka upesi hadi kwenye maji ya chini ya ardhi. Ndani yake mna benzini, kemikali inayosababisha saratani ya damu. Katika udongo wa kichanga, kama ulivyo sehemu kubwa ya pwani ya Dar es Salaam, petroli haikai mahali ilipomwagika. Tangi likivuja kwa jirani, inaweza kufika kwako.

Kundi la pili ni dizeli, mafuta ya mitambo na oili chafu. Haya ni mazito, husafiri polepole na hushikamana na udongo. Ndiyo yanayopatikana kwenye gereji nyingi, hasa karibu na shimo la kukagulia magari na mahali oili inapobadilishwa.

Kundi la tatu ndilo gumu kuliko yote: dawa za wadudu za zamani kama DDT, na mafuta ya zamani ya transfoma yenye kemikali iitwayo PCB. Vijidudu vya udongoni haviwezi kuzila kwa urahisi. DDT inaweza kuchukua miaka 2 hadi 15 kupungua nusu, na palipomwagika kwa wingi huchukua zaidi. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ambao Tanzania imeuridhia, ulitungwa kwa ajili ya kemikali za kundi hili.

Somo la Vikuge

Asiyeamini kwamba kundi la tatu ni deni la muda mrefu na asafiri hadi Kibaha, mkoani Pwani. Mwaka 1986 shamba la serikali la Vikuge lilipokea kutoka Ugiriki msaada wa dawa za kuulia wadudu zenye ujazo wa mita 170, sehemu yake zikiwa zimekwisha muda wake. Ziliwekwa katika banda lililo wazi, na baadaye banda hilo likaanguka. Mvua ikafanya kazi yake.

Dawa zilizobaki ziliondolewa katika miaka ya 1990. Kwa hesabu za kawaida mtu angesema kazi imekwisha. Novemba 2000, miaka minne baada ya kuondolewa kwa dawa hizo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden walichukua sampuli za udongo na maji. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2004, yalionyesha kwamba udongo wa juu mahali pabaya zaidi ulikuwa na DDT na jamii yake hadi asilimia 28, na dawa nyingine iitwayo HCH hadi asilimia 6. Maana yake ni kwamba katika kila kilo moja ya udongo huo, zaidi ya robo ilikuwa dawa. Maji ya eneo hilo nayo yalikuwa na mabaki.

Mwaka 2005 asasi ya AGENDA ya hapa nchini, ikishirikiana na wenzake wa nje, ilipima mayai ya kuku wanaojitafutia chakula karibu na mahali hapo, na ikakuta dioksini, PCB na kemikali nyingine ya jamii hiyo. Kuku hudonoa udongo, na kilicho udongoni huingia kwenye yai. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2014, ukiangalia maghala ya zamani ya dawa nchini miaka 5 hadi 14 baada ya kusafishwa, bado ulikuta mabaki.

Kibiashara, Vikuge inafundisha mambo mawili. La kwanza, kuondoa mapipa na magunia si kusafisha ardhi. La pili, kitu kilichopokelewa bure kinaweza kuwa ghali kuliko kilichonunuliwa, maana gharama yake huja nyuma.

Njia za kusafisha na bei zake

Zipo njia nyingi, lakini mnunuzi akizijua tano anaweza kuzungumza na mtaalamu bila kubabaishwa.

1. Kuchimba na kuhamisha. Ndiyo inayojulikana zaidi na ndiyo inayotumiwa vibaya zaidi. Lori linakuja, linabeba, kiwanja kinaonekana safi. Swali ni udongo unakwenda wapi. Dampo la Pugu Kinyamwezi lilikusudiwa taka za kawaida za jiji. Ukiumwaga bondeni au ukauuza kama kifusi cha kujazia kiwanja cha mtu mwingine, umehamisha deni tu, na jina lako limebaki kwenye karatasi za lori.

2. Kuwapa bakteria kazi. Udongoni mna bakteria wanaokula mafuta. Wanachokosa ni hewa, maji kiasi na mbolea. Udongo hutandazwa juu ya turubai nene la plastiki kwa unene wa sentimita 30 hadi 45, hugeuzwa mara kwa mara, hunyunyiziwa maji na hutiwa mbolea. Baada ya mafuta kumwagika Alaska mwaka 1989 kutoka meli ya Exxon Valdez, mbolea ilinyunyizwa kwenye fukwe ili kuwasaidia bakteria hao katika baridi ya huko. Joto la Dar es Salaam ni neema kwao. Njia hii inafaa dizeli na oili, lakini udongo wenye mafuta zaidi ya asilimia 5 huwalemea, na kwa DDT haitegemewi.

3. Kunyonya mvuke. Hii ni kwa petroli. Mabomba yenye matundu hufukiwa, pampu hunyonya hewa ya udongoni, na mvuke hupitishwa kwenye chujio la mkaa maalumu. Katika udongo wa kichanga hufanya kazi vizuri. Katika mfinyanzi ni kupoteza umeme.

4. Kupasha moto. Udongo huchemshwa hadi kemikali zitoke. Katika uwanja wa ndege wa Da Nang, Vietnam, ambako jeshi la Marekani lilihifadhi dawa ya kupukutisha majani wakati wa vita, takriban mita za ujazo 90,000 za udongo na matope zilipashwa moto kati ya mwaka 2012 na 2018. Mradi mzima uligharimu karibu dola milioni 110 za Marekani. Njia hii inaweza kumaliza hata kundi la tatu, ila mfuko wake ni wa serikali.

5. Kuchoma kwenye tanuri la joto kali. Dawa za zamani za nchi kadhaa za Afrika zilipakiwa na kusafirishwa hadi Ulaya kwa kazi hiyo. Ethiopia, kwa mfano, ilipeleka Finland zaidi ya tani elfu moja mwanzoni mwa miaka ya 2000. Makadirio ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) ya wakati huo yalikuwa zaidi ya dola 3,000 kwa tani.

Kuna wanaopendekeza mimea. Ni kweli kwamba baadhi ya aina za maboga hufyonza mabaki ya DDT kuliko mimea mingine. Lakini hilo ni onyo zaidi kuliko dawa: boga linalosafisha udongo si boga la kupeleka sokoni, na kazi yenyewe huchukua misimu mingi.

Hesabu ya yadi moja

Tuchukue yadi ile ya wafanyabiashara watatu. Ukubwa wake ni mita 30 kwa 30, yaani mita za mraba 900. Tuseme sehemu iliyochafuka ni mita 12 kwa 10, na uchafu umeshuka mita 1.5.

Ujazo: 12 x 10 x 1.5 = mita za ujazo 180.
Uzito, kwa tani 1.7 kwa kila mita ya ujazo: tani 306.
Malori ya tani 10: tripu 31 za kutoa, na tripu karibu hizo hizo za kuleta mchanga safi wa kujazia.

Msomaji aweke mwenyewe bei ya tripu anayoijua, azidishe kwa 62, kisha aongeze ada ya mahali panaporuhusiwa kupokea udongo wa namna hiyo.

Sasa tuwape bakteria kazi. Udongo ukichimbwa huvimba. Kwa asilimia 20, mita 180 zinakuwa 216. Ukiutandaza kwa unene wa sentimita 40 unahitaji mita za mraba 540, yaani zaidi ya nusu ya yadi yote. Kama mafuta ni asilimia 1 ya uzito, ni tani 3 hivi za mafuta, zenye kaboni tani 2.6. Kanuni ya kawaida ni kaboni 100 kwa naitrojeni 10 kwa fosforasi 1. Hiyo inadai kilo 260 za naitrojeni, ambazo ni mifuko 12 ya urea ya kilo 50, pamoja na fosfeti kidogo. Haimwagwi yote kwa siku moja, bali kwa awamu, huku sampuli zikipimwa.

Mbolea, kama unavyoona, si ghali. Kilicho ghali ni muda. Kazi inaweza kuchukua miezi michache au ikavuka mwaka. Tuseme wanunuzi walikopa shilingi milioni 200 kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka. Miezi sita ya kungoja ni shilingi milioni 16 za riba, na hakuna fremu hata moja iliyopangishwa. Hiyo ndiyo bei halisi ya udongo mweusi, na ndiyo inayopaswa kutolewa kwenye bei ya kiwanja kabla ya kusaini.

Je, kama yadi ingekuwa stoo ya DDT badala ya gereji? Tani 306 kwa dola 3,000 ni dola 918,000. Kiasi hicho hakina mnunuzi mdogo atakayekimudu. Mahali pa namna hiyo, jibu sahihi la mfanyabiashara ni kuondoka.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 iliweka kanuni kwamba anayechafua ndiye anayelipa, na ikaruhusu kutolewa kwa amri ya kurejesha mazingira katika hali yake. Kanuni za viwango vya ubora wa udongo zilifuata mwaka 2007. Kanuni ni nzuri, lakini mchafuzi akishahama au kampuni yake ikishafungwa, anayeonekana kwenye eneo ni mwenye hati mpya. Ndiyo maana karatasi ya muuzaji ina thamani kuliko maneno yake.

Uzito wa dhima hiyo umeonekana kwa majirani zetu. Mwaka 2015 bomba la mafuta kati ya Mombasa na Nairobi lilivuja huko Thange, kaunti ya Makueni, mafuta yakaingia kwenye udongo na mto. Mwaka 2025, baada ya miaka kumi, mahakama iliamuru shirika la Kenya Pipeline lilipe wakazi zaidi ya shilingi bilioni 3 za Kenya. Miaka kumi ni muda mrefu kwa mkulima asiye na maji, na ni muda mrefu pia kwa mwenye hisa anayesubiri kujua kampuni yake inadaiwa nini.

Hapo wawekezaji wadogo wa Soko la Hisa la Dar es Salaam nao wanahusika. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 37 kinaitaka kampuni itenge fedha katika vitabu vyake pale inapokuwa na wajibu wa kusafisha ardhi na gharama ikaweza kukadiriwa. Ukinunua hisa za kampuni ya mafuta, saruji au kiwanda, usiishie kwenye gawio. Fungua maelezo ya nyuma ya hesabu, utafute fungu la urejeshaji wa maeneo. Kampuni yenye matangi ya miaka 40 isiyotaja fungu hilo hata kwa mstari mmoja inastahili kuulizwa swali kwenye mkutano mkuu.

Kabla ya kulipa

Ukurasa huu unashauri hatua zifuatazo:

(i) Uliza historia. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa na wazee wa jirani wanajua palikuwa na nini miaka 20 iliyopita kuliko hati inavyojua. Waulize hasa kuhusu gereji, matangi yaliyofukiwa, stoo ya dawa, karakana ya transfoma na dobi wa mashine.

(ii) Tumia macho na pua. Mahali ambapo nyasi hazioti, udongo mweusi unaonata, maji ya kisima yenye rangi za upinde wa mvua juu yake, harufu ya petroli baada ya mvua. Usionje, na usimruhusu mtu awashe kiberiti kwenye shimo.

(iii) Chimba mashimo madogo matatu au manne, mojawapo mahali unapodhani ni safi ili upate cha kulinganisha. Chukua udongo wa nusu mita, mita moja na mita mbili. Tumia chupa za kioo zenye mfuniko mkali, si mifuko ya plastiki, na uziweke kwenye boksi la barafu. Peleka siku hiyo hiyo.

(iv) Uliza maabara kama inapima jumla ya mafuta ya petroli na benzini, na dawa za wadudu kama historia inazitaja. Pa kuanzia ni Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali au idara ya kemia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Gharama ya vipimo vichache ni ndogo ukilinganisha na malipo ya awali ya kiwanja.

(v) Mwambie wakili aandike kifungu cha udongo: muuzaji atamke kwa maandishi matumizi ya zamani, sehemu ya bei ibaki mikononi mwa wakili hadi vipimo vitoke, na gharama ya kusafisha itolewe kwenye bei.

(vi) Usikubali dawa za mkato. Kufunika kwa zege hakuzuii mvuke wa petroli kupanda vyumbani kupitia nyufa. Kuosha udongo kwa sabuni na kumwaga maji mferejini ni kupeleka oili Mto Mlalakuwa na baharini. Kuuchoma udongo kwa kuni kunazalisha moshi mbaya kuliko uchafu wenyewe.

Wafanyabiashara wetu watatu hawakuacha yadi ile. Walirudi kwa muuzaji wakiwa na karatasi ya maabara iliyoonyesha dizeli na oili tu, bila dawa, wakamwekea mezani hesabu kama hii ya juu. Muuzaji, ambaye alikwisha kujua kwamba mnunuzi mwingine yeyote ataiona karatasi hiyo hiyo, alikubali kupunguza bei na kubaki na udongo kwenye kona yake ya yadi kwa miezi minane. Wakati huu unatandazwa na kugeuzwa. Walioumia ni wao kwa ile miezi waliyopoteza, kwa sababu walipima baada ya kulipa.

Wiki ijayo ukurasa huu utaeleza namna ya kusoma ripoti ya mthamini wa ardhi, na vitu ambavyo ripoti hiyo haisemi.